Zawadi Sitaki, Nichangieni

Dar es Salaam mtu akitimiza umri humwagiwa ndoo ya maji, hulishwa keki mbele ya simu tatu zinazompiga picha, na usiku akajilaza kitandani kuhesabu nani amemweka kwenye "status" na nani amejifanya hakuona. Ikipita hapo, basi. Mwenye uwezo kidogo ataongeza safari ya kituo cha watoto yatima: gunia la mchele, katoni ya sabuni, pampasi, picha ya pamoja, kisha gari linageuza.

Uingereza wana namna yao. Mtu anayekaribia miaka arobaini, hamsini au sitini huwatangazia ndugu na marafiki kwamba mwaka huu zawadi hataki. Atajitwisha kazi ngumu, na kila anayemtakia heri atoe pesa kwa shirika la hisani alilolitaja. Wa hamsini hujipangia mambo hamsini. Mwingine huchagua kumi na mawili, moja kwa kila mwezi: Januari anaingia kwenye bahari yenye baridi ya kukata mifupa, Machi anakimbia nusu marathoni, Juni anateremka kwa kamba kutoka juu ya mnara, Septemba ananyoa nywele zote hadharani, Desemba anamalizia mlimani. Sherehe ya siku moja inatandazwa mwaka mzima, na mchango unaingia kidogokidogo.

Kinachoufanya mtindo huu uende ni namba. Ukimwambia mtu "changia hospitali", atakujibu "nitaangalia". Ukimwambia "natimiza mia, nitazunguka bustani mara mia kabla ya siku hiyo", umempa hadithi yenye mwanzo, hesabu na tarehe ya mwisho. Atataka kujua umefika wapi. Kesho yake atauliza tena.

Hakuna aliyeonyesha hilo kama Kapteni Tom Moore. Alizaliwa Keighley, Yorkshire, tarehe 30 Aprili 1920, akapigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, na kufikia mwaka 2020 alikuwa mjane aliyeishi na familia ya binti yake katika kijiji cha Marston Moretaine, Bedfordshire. Nyonga yake ilikuwa imevunjika miaka miwili nyuma. Aprili 6, nchi ikiwa imefungiwa ndani kwa ajili ya korona, alianza kutembea na kigari cha kuegemea kwenye ua wa nyumba: mita 25 kila mzunguko, mizunguko kumi kwa siku, ili afikishe mia kabla ya kutimiza miaka mia. Lengo lilikuwa pauni 1,000 kwa ajili ya hisani za NHS, huduma ya afya ya taifa. Pauni elfu moja tu.

Siku kumi baadaye, Aprili 16, alimaliza mzunguko wa mia akiwa amevaa koti la buluu na medali zake kifuani, wanajeshi wa Kikosi cha Yorkshire wakiwa wamejipanga pande zote mbili kumpigia saluti. Mchango ulikuwa umeshahesabiwa kwa mamilioni. Mzee akasema ataendelea kutembea. Wimbo aliorekodi na mwimbaji Michael Ball ukapanda hadi namba moja mwezi huohuo, akawa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kushika nafasi hiyo Uingereza. Kadi za pongezi zikafika zaidi ya laki moja, ikabidi zipangwe sakafuni kwenye ukumbi wa shule aliyokuwa akisoma mjukuu wake. Siku yenyewe ndege mbili za kale za kivita zilipita juu ya nyumba. Ukurasa wa michango ulipofungwa ulikuwa na takriban pauni milioni 32.8, zilizotolewa na watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Lakini hesabu ya mwisho ni karibu pauni milioni 39. Hiyo tofauti ilitoka serikalini. Waingereza wana utaratibu unaoitwa Gift Aid: mlipakodi akitoa pauni moja kwa shirika la hisani lililosajiliwa na kukubali kutia alama kwenye fomu, hazina inarudisha kodi iliyokwisha kukatwa kwenye pauni hiyo, yaani peni 25 zaidi. Huku kwetu tunachangiana kwa pesa ambazo zimekwisha kukatwa kodi, na hakuna anayeturudishia hata senti. Ningependa siku moja kumsikia waziri wa fedha, wa upande wowote wa mpaka wa Namanga, akilizungumzia hilo bungeni.

NHS huendeshwa kwa kodi tangu ilipoanzishwa mwaka 1948, kwa hiyo pesa za mzee hazikulipa mishahara ya madaktari. Zilikwenda kwenye mambo ambayo bajeti haiyagusi: vyumba vya mapumziko kwa wauguzi waliochoka, ushauri nasaha, vishikwambi vya kuwawezesha wagonjwa waliotengwa kuwaona jamaa zao. Wapo Waingereza waliokereka na hadithi nzima. Walisema nchi tajiri isingehitaji mzee wa miaka 99 kukokota miguu uani ili muuguzi apate mahali pa kunywa chai. Nawaelewa. Lakini pia naona kwamba watu waliofungiwa ndani, wasioweza hata kumzika marehemu wao ipasavyo, walitafuta cha kufanya kwa mikono yao, na mzee akawapa.

Kuna jambo dogo ambalo mwandishi wa Kizungu hawezi kuliona kirahisi. Ili umri uwe mtaji wa kuchangisha, lazima uwe na tarehe. Wazee wetu wengi tarehe zao walipewa na karani: moja Januari, au moja Julai ikiwa karani alikuwa na huruma ya kutofautisha. Mwaka ulikisiwa kwa njaa, kwa nzige, kwa kuja kwa reli. Mzee wa Mbulu au Kitui akitaka kuzunguka boma lake mara mia kwa kutimiza miaka mia, wajukuu watabishana kwanza kama hajapitisha.

Tarehe ya moja Januari ilitokea pia katika kisa cha pili cha mwaka huohuo wa 2020. Dabirul Islam Choudhury, aliyezaliwa Bengal, Januari 1, 1920, na kuhamia Uingereza mwaka 1957 kusoma fasihi ya Kiingereza, alimwona Tom Moore kwenye televisheni akasema hata yeye anaweza. Aliishi St Albans, kwenye nyumba zenye bustani ya pamoja ya mita 80. Alianza mwishoni mwa Aprili, Ramadhani ikiwa imekwisha kuingia. Alitembea akiwa amefunga. Alipanga mizunguko mia, akapitiliza hadi 970, na mfuko ukavuka pauni 400,000. Sehemu ilikwenda NHS, na kubwa zaidi ikagawiwa kwa mashirika yanayosaidia watu katika nchi zaidi ya hamsini. Vyombo vya habari vya dunia havikumpa nafasi aliyopewa mwenzake, lakini anayejua maana ya kutembea juani saa tisa alasiri kinywa kikiwa kikavu atampa nafasi yake mwenyewe.

Nchi zetu nazo zina mfano, ingawa watu hawakuutazama kwa jicho hilo. Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa rais wa Kenya, alitimiza miaka 50 tarehe 8 Aprili 2014. Siku tano baadaye alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa marathoni ya London. Mwezi uliotangulia alikuwa amekimbia nusu marathoni jijini Nairobi, wengi wakidhani ni maonyesho ya mke wa mkubwa. Kilomita 42 si maonyesho. Alizimaliza kwa saa saba na dakika kidogo, akiwa miongoni mwa walioingia mwishomwisho. Kampeni yake, Beyond Zero, ililenga kununua kliniki tembezi kwa kaunti zote 47, wakati takwimu za kitaifa zikisema wanawake 488 walikuwa wakifa kwa kila vizazi hai laki moja. Makampuni yalichanga, wananchi walichanga, magari yakanunuliwa na kukabidhiwa kaunti moja baada ya nyingine.

Miaka ilipopita, magazeti ya Kenya yakaanza kuandika kwamba katika baadhi ya kaunti kliniki hizo zilikuwa zimeegeshwa, hazina mafuta, hazina dereva, hazina muuguzi. Kwa mtu anayejipangia mwaka wa changamoto, hapo ndipo penye somo, kuliko hata Bedfordshire. Mbio huisha kwenye mstari wa utepe, lakini gari la kliniki linahitaji dizeli kila wiki, na hakuna anayekimbia marathoni ya dizeli.

Ndiyo maana naona mwaka mzima una heri kuliko siku moja. Kituo cha watoto yatima kinapata wageni wengi Desemba, na kila mwanamuziki anapotimiza umri. Mchele unajaa stoo wiki moja, kisha Jumanne ya katikati ya Februari mlezi anakopa dukani. Tumbo la mtoto halina bethidei. Aliyejipangia jambo moja kila mwezi, na kila mwezi akatuma kilichopatikana, anampa mlezi kitu ambacho gunia la mchele haliwezi kumpa: uhakika wa kupanga.

Lakini mwaka ni mrefu, na hapa ndipo wengi hukwama. Gary McKee, baba wa watoto watatu kutoka Cleator Moor, kaskazini magharibi mwa Uingereza, aliufanya mwaka 2022 kuwa wake: marathoni moja kila siku, Januari mosi hadi Desemba 31, jumla 365, akikimbia kisha akienda kazini kwenye kituo cha nyuklia cha Sellafield. Alichangishia huduma za wagonjwa wa saratani, na lengo lilikuwa pauni milioni moja. Kwa miezi mingi pesa zilitambaa. Majirani walikuwa wamekwisha kumzoea. Mtu anayekimbia kila siku si habari tena. Mkondo ulifurika Desemba, siku za mwisho, alipokuwa amebakiza kidogo, na milioni ikatimia mwaka ulipokuwa ukigeuka. Kama angetegemea msisimko wa siku ya kwanza, angeishia njiani.

Wanaochoka ni wachangiaji, na hili hakuna haja ya kumweleza Mtanzania. Simu yake ina kundi la harusi ya mtoto wa shangazi, la "send-off", la msiba, la ujenzi wa kanisa au msikiti, na la wanafunzi wenza wanaomsaidia mwenzao mgonjwa. Katika kila kundi kuna mweka hazina anayenakili orodha ile ile ndefu: jina, ahadi, taslimu, alama ya tiki. Ahadi ya mtu ikikaa bila tiki siku tatu, anapigiwa. Sasa ingia kwenye simu hiyo na tangazo kwamba utafanya mambo kumi na mawili mwaka huu na kila moja lina mchango wake. Mwezi wa tatu watakuwa wamekuzimia mlio, kama hawajaondoka kabisa.

Waliofanikiwa nimewaona wakitumia akili mbili tatu. Hawamrudii mtu yuleyule kila mwezi; Januari wanawaendea wafanyakazi wenzao, Februari mtaa, Machi kwaya au timu ya mpira. Wanaweka jambo la kuchekesha kati ya magumu, kwa sababu mtu atalipa kumwona bosi wake akipika ugali kwa mara ya kwanza kuliko kumwona akikimbia kilomita kumi. Na wanawaruhusu watoe kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, shilingi hamsini haimtii mtu haya. Ananyamaza, anabonyeza, inaingia.

Mlima Kilimanjaro umekuwa kilele cha miaka mingi ya namna hii. Mtu anatoka Ulaya au Marekani na miaka yake hamsini au sitini, anafika Moshi, anakwenda polepole siku sita au saba hadi mita 5,895. Mwaka 2009 kundi la waimbaji na watangazaji wa Uingereza lilipanda kwa ajili ya mfuko wa Comic Relief na kupata zaidi ya pauni milioni tatu za kupambana na malaria. Mwaka 2019 Anne Lorimor wa Arizona alifika kileleni akiwa na miaka 89, akichangishia watoto wa kwao. Sisi wenyewe hatuko nyuma: mgodi wa dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na TACAIDS, tume ya Tanzania ya kudhibiti UKIMWI, wamekuwa wakipandisha watu kila mwaka tangu 2002 kuchangia vita dhidi ya UKIMWI.

Naupenda mlima, lakini nina swali kuuhusu. Safari hiyo ni ghali: ada za hifadhi, waongozaji, wapishi, hoteli, ndege. Mashirika mengi ya Uingereza humruhusu mpandaji kugharimia sehemu ya safari kutokana na pesa anazochangisha, mradi afikie kiwango fulani. Ni halali, na kwa kawaida fomu inasema wazi. Ila bibi aliyetoa pauni kumi akidhani zote zinakwenda kwa watoto wagonjwa ana haki ya kujua kwamba mbili au tatu zimelipa tiketi ya mpwa wake. Mwungwana hulipa safari kutoka mfukoni mwake na kusema hivyo tangu mwanzo. Na akiwa juu huko, amtazame mgumu, kijana anayebeba hadi kilo ishirini kichwani juu ya mawe yaleyale, aliyepanda mlima huo mara nyingi kuliko wiki za mwaka, bila ukurasa wa michango hata mmoja. Bahasha ya mwisho wa safari ndiyo harambee yake.

Turudi Bedfordshire, maana hadithi ya Tom Moore haikuishia kwenye kadi. Malkia alimtunuku heshima ya Sir Julai 2020, na Februari 2, 2021 akafariki baada ya kuugua nimonia na korona. Familia ilikuwa imeanzisha taasisi yenye jina lake. Juni 2022 Tume ya Mashirika ya Hisani ilifungua uchunguzi rasmi. Jengo lililoombewa kibali kwa jina la taasisi lilijengwa nyumbani likiwa na bwawa la maji ya moto, na halmashauri ikaamuru libomolewe. Mapema 2024 likabomolewa. Mwaka huohuo binti yake na mkwewe walizuiwa kuwa wadhamini wa shirika lolote la hisani, na ripoti ya Novemba 2024 ikasema walijinufaisha, ikitaja mkataba wa vitabu ambao malipo yake ya awali, karibu pauni milioni moja na nusu, yalikwenda kwa kampuni ya familia. Wao walipinga matokeo hayo.

Zile milioni 39 hazikuguswa na lolote kati ya haya. Zilipita njia nyingine, moja kwa moja kwa NHS Charities Together, kabla taasisi haijakuwapo. Mtu wa kawaida hakulielewa hilo na hakuwa na muda wa kulielewa. Alisikia "Kapteni Tom" na "bwawa" katika sentensi moja, akahisi ameibiwa. Wale waliochanga kwa ajili ya mzunguko mmoja wa bustani walijiona wamechangia jakuzi. Jina zuri lilijengwa kwa wiki tatu za jasho, na kulisafisha kutahitaji miaka.

Ndiyo maana napenda zaidi kisa cha Scott Harrison, ingawa kilianza kwenye klabu ya usiku. Alikuwa mtayarishaji wa sherehe New York, akachoka na maisha hayo, akaenda Liberia na meli ya hospitali kupiga picha za wagonjwa. Septemba 2006, akitimiza miaka 31, aliwaalika watu klabuni na kila mmoja akalipa dola 20 mlangoni. Walikuja kama 700, zikapatikana dola 15,000. Pesa yote ikaenda kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bobi, kaskazini mwa Uganda: visima vitatu vipya, vitatu vya kukarabati. Alichofanya baadaye ndicho kilichozaa shirika la charity: water. Aliwatumia picha za visima wale watu 700, wengi wao wakiwa wameshasahau usiku ule.

Mwaka uliofuata aliomba dola 32 kwa miaka 32, akawashawishi waliozaliwa Septemba kama yeye waache zawadi zao, na pesa ikaleta maji kwa hospitali za Kenya. Mtindo ukaenea kwa watu wa kila umri. Mwaka 2011 mtoto wa jimbo la Washington aliyetimiza miaka tisa aliomba dola tisatisa ili afikishe 300, akapata 220. Wiki chache baadaye alifariki katika ajali ya gari. Habari ilipotoka ukurasa wake ulifunguliwa tena, watu wasiomjua wakachanga, nao ukavuka dola milioni moja na laki mbili, zikachimba visima Tigray, Ethiopia. Mama yake alikwenda kuviona.

Septemba 2010, mwezi wa kuzaliwa kwa shirika na kwa mwanzilishi wake, Harrison alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, katika kijiji cha Moale, akichimbia maji jamii ya Bayaka mbele ya kamera ili wachangiaji waone pesa yao ikitoka ardhini. Mtambo ulichimba, maji hayakutoka. Wakajaribu tena, shimo likaporomoka. Wengine wangezima kamera na kutuma picha ya kisima cha kijiji cha jirani. Yeye aliwatumia waliochanga video ya shimo tupu na kuwaambia tumeshindwa. Michango haikukauka kwa sababu ya hilo. Mafundi walirudi Moale baadaye na mtambo, wakachimba upya, wakapata maji, na video ya pili ikatumwa kwa watu walewale.